Kaburi Lisilopakwa Rangi

Yule msichana aliitoa ndoto yake asubuhi, mbele ya uji, kama mtu anayesema jana kulikuwa na upepo.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya jiko la mafuta ya taa, blanketi limempanda hadi masikioni, daftari magotini. Ilikuwa wiki ya tano tangu lori la mafunzo limshushe Ha Raletsae na begi kubwa kuliko yeye. Mwalimu wao wa lugha aliwataka kila asubuhi, kabla ya kwenda darasani, wawaeleze wenyeji wao mambo ya jana kwa sentensi tano. Kwa hiyo kila asubuhi mwenyeji wake, Mme Makhopotso, yaani Mama Makhopotso, alisikilizishwa jana ya msichana: jana nilichota maji, jana nilimwaga maji, jana mbwa alinifukuza, jana nilikula mboga, mboga zilikuwa nzuri. Mme Makhopotso aliitikia huku akikoroga, na mara nyingi hakusikiliza. Lakini siku hiyo msichana alisema:

"Niliota, Mme. Nilimwona bibi. Alikuwa ng'ambo ya maji. Aliniambia, nasikia baridi."

Mme Makhopotso aliuachia upawa ukazama kwenye sufuria.

"Bibi gani?"

Msichana akayatafuta maneno hewani, kwa vidole, kama anayechuma matunda. Bibi mwembamba. Blanketi la kahawia, pini kubwa begani. Ndewe ya sikio hili, akashika sikio lake la kushoto, imechanika, iko vipande viwili. Amekaa juu ya mawe. Hakuwa na hasira. Alisema baridi, basi. Kisha msichana akazihesabu sentensi zake, akaona zimezidi tano, akatabasamu na kuvuta bakuli.

Ha Raletsae ndoto si mali ya aliyeiota. Ukimwota marehemu wa nyumba fulani, unaipeleka ndoto kwenye nyumba hiyo kabla hujanawa uso, na nyumba ikishaipokea haiwezi tena kusema haikusikia. Marehemu anayelalamika baridi amelazwa pasipomfaa, anadai afunikwe vizuri. Mambo hayo hayafundishwi, watu huzaliwa nayo. Kijiji kizima asiyeyajua alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa anatia sukari kwenye uji wake.

Mme Makhopotso alitoka nje, akasimama ukutani kwenye jua. Mama yake mzazi alichanika ndewe ya kushoto siku ng'ombe alipoinua pembe kwenye hereni. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Blanketi lake lilikuwa la kahawia.

Na jina lake lilikuwa Selloane, ambalo ndilo jina la msichana.

Hili nalo lina habari yake. Siku lori lilipowaleta wanafunzi kumi na wawili wa kujitolea kwenye uwanja wa chifu, kila familia ilimchukua wake na kumpa jina, kwa sababu mtu hawezi kulala nyumbani mwa watu bila jina la nyumba hiyo. Wengi wao waliitwa Furaha na Tumaini na Ua, majina ya kumfurahisha mgeni. Mme Makhopotso alipewa huyu mrefu wa Kanada, aliyejitambulisha kama Korini. Mme Makhopotso alikuwa na mtoto mmoja tu, Khopotso, mfanyakazi wa kiwanda huko Vereeniging, na Khopotso alizaa wanaume watupu. Jina la mama yake lilikuwa limekaa tangu azikwe bila mtu wa kulibeba. Akasimama mbele ya kadamnasi akasema, huyu ni Selloane. Wanawake wakapiga vigelegele, ila wazee wawili watatu walifyonya: jina la marehemu anapewa mtu wa wiki tisa? Tangu hapo vijana wakawa wanamwamkia msichana njiani, "Bibi, umelalaje? Mgongo haukusumbui?" naye akiitikia kwa adabu zote. Alipokuja kugundua utani wao, akaanza kupita kwao ameinama, ameshika kijiti, anakohoa, hadi wakawa wanamsubiri kisimani kwa ajili ya hicho kikohozi tu.

Yeye alidhani ni jina tu. Ha Raletsae, mwenye jina la mtu ndiye mlango wa mtu huyo.

Sasa lazima bwawa litajwe, ingawa wapo wengi ambao wangependa lisitajwe.

Zamani Ha Raletsae haikuwa hapa mlimani kwenye baridi. Ilikuwa bondeni, na mipichi yake na mashamba yake ya mtama, mpaka ofisi ya bwawa ilipotangaza kwamba bonde lile litajazwa maji, nayo maji yale yatakwenda kunywewa na watu wengine, mbali. Wakaja wapimaji na kopo la rangi ya njano. Kila kaburi walilolikuta walilipaka namba. Kaburi lenye namba lilipata jeneza jipya, ng'ombe wa kuchinjwa, na nafasi kwenye makaburi mapya ya juu, yenye ukuta wa saruji na mlango wa kufuli. Kaburi lisilo na namba lilingoja maji.

Selloane wa kwanza alizikwa kwa utaratibu wa kale, pembeni ya ukuta wa zizi, mawe yamelundikwa juu yake bila msalaba wala maandishi. Wapimaji walipopita, Mme Makhopotso alikuwa ng'ambo ya mto Mohokare, ulio mpakani, amefungwa na mkataba wa miezi sita kwenye mashamba ya Makaburu. Alirudi akakuta watu wameshahamishiwa mlimani, na maji yamefika shingoni mwa ukuta wa zizi. Alikaa ukingoni siku nzima. Kesho yake ukuta haukuonekana.

Akaenda ofisini. Alikwenda mara kumi na moja katika miaka hiyo, akibadilisha basi mara mbili, na bado alikuwa anaweza kukwambia kila mara alimkuta nani, amevaa tai gani, na ameahidi nini. Ofisi haikuwahi kumfukuza. Ofisi hukataa kwa adabu, hukupa kiti kwanza. Kwenye orodha yao, mahali pale pembeni ya zizi, palikuwa na maneno matatu: rundo la mawe. Walimwambia alete shahidi, mtu asiye wa ukoo wake, aliyelijua kaburi kabla ya maji. Waliobeba maiti walikuwa wanne. Watatu walishakufa, na wa nne aliingia migodini asionekane tena. Majirani walisema, dada, siku zile kila mtu alikuwa anatazama wafu wake.

Halafu mvua zikakata. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwawa likanywea kama mtu mgonjwa, na kijiji cha zamani kikaanza kuchomoza: kwanza dohani la duka la misheni, halafu kuta, halafu mipichi iliyokufa imesimama, meupe matawi yake kama mifupa ya mikono. Mwezi Agosti zizi likatoka majini. Mme Makhopotso akachukua sepetu na gunia la kitani akashuka, akakuta ofisi imezungushia ukingo wote uzio wa waya. Walinzi walimweka chini ya jua hadi alasiri na wakabaki na sepetu. Kushuka kunahitaji karatasi, walimwambia. Na hata angepita usiku kama mwizi akauchukua udongo wa mama yake, makaburi ya juu yana kufuli, na ufunguo uko kwenye faili lile lile.

Udongo tu. Konzi chache kutoka kichwani pa kaburi, zikalale na wenzake. Hakuomba ng'ombe wala jeneza.

Chifu alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi ya wiki ijayo afisa wa bwawa angekuja kwenye pitso, mkutano wa kijiji, kupokea malalamiko ya mwisho. Baada ya hapo kitabu kingefungwa. Na kila jioni sasa mawingu yalikuwa yanakusanyika magharibi, yanakaa, yanaondoka, kila siku yanakaribia zaidi. Kijiji kizima kilikuwa kinaomba mvua. Mme Makhopotso peke yake alikuwa anaiomba isubiri.

Asubuhi ile ile ya ndoto alikwenda kwa jirani yake, Ntate Tlelima, yaani Baba Tlelima, kuazima farasi.

Tlelima alikuwa mgane mwenye farasi watatu na maneno machache. Tangu kuhamia mlimani, miaka ishirini na miwili sasa, alikuwa ndiye mkono wa kulia wa Mme Makhopotso: akimwezekea paa, akimletea samadi kavu ya kuwashia moto, akimchimbia bustani kabla hajaombwa, na kikombe cha pombe ya mtama akipewa alikunywa akiwa amesimama. Watu waliwatania. Walisema huyu mzee anaposa polepole mno, bibi harusi atafia njiani. Mme Makhopotso naye alicheka, kwa sababu hakuwahi kuona tatizo.

Alipomsimulia ndoto, Tlelima alikuwa anamfunga farasi tandiko, na ule mkanda aliukaza, akaulegeza, akaukaza tena.

"Amesema sikio?" akauliza mwishowe.

"La kushoto."

"Na mtoto wa Wazungu hakuambiwa?"

"Na nani?"

Aliwasindikiza Mme Makhopotso na msichana hadi kwenye mgongo wa mlima, akagoma kwenda zaidi. Alisema goti linamuuma. Walimwacha ameshika farasi wake, mgongo ameuelekeza bondeni.

Walishuka wawili katika ukungu. Msichana alikuwa ameshajua kupanda farasi kwa namna ya wanawake wa huku, miguu imelegea, mwili umemwachia mnyama aamue njia. Ukungu uliwafungua kidogo kidogo na kuwafunga. Mshubiri ulitokea, ukapotea. Kondoo walisikika bila kuonekana, kengele zao zikilia huku na kule hata usijue kama wako juu yako au chini yako. Msichana akaanza kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa kwao, akaacha katikati, na wimbo ukawa kama umeendelea wenyewe mahali fulani mbele. Mme Makhopotso aliona kama ameshaipita njia hii leo, na kama farasi wake anamrudisha tu alikokuwa.

Kisha wakatoka chini ya ukungu, na bonde likawa mbele yao lote kwa mara moja.

Maji yalikuwa madogo, ya kijani, hayatikisiki. Pembeni yake kijiji kimekaa katika matope yaliyokauka, rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, rangi ya kikombe cha udongo. Milango bila nyumba. Njia zilizokuwa zinakwenda kisimani bado zinakwenda kisimani. Jiwe la kusagia kwenye kizingiti cha mtu, kama amekwenda mara moja kuazima chumvi. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Mme Makhopotso alianza kutaja: kwa Mapheello pale, kwa fundi wa viatu, hapa ndipo tulipokuwa tunacheza, pale nilipozaliwa. Sauti yake ilishuka hadi ikawa midomo tu. Kwa kitambo kirefu alikuwa na miaka saba na alikuwa anachelewa nyumbani.

Msichana alikuwa ameushika waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Mawe yale," alisema. "Karibu na ukuta wa duara."

"Ndiyo."

"Alikuwa amekaa pale."

Farasi alipiga kwato. Mme Makhopotso aliuliza kile alichokuja kuuliza: kama Alhamisi msichana angesimama kwenye pitso aseme.

Msichana akaeleza, kwa maneno yake ya kuokota, kwamba viongozi wao wamewakataza. Mwanafunzi ambaye hajala kiapo cha kujitolea hafungui mdomo kwenye mikutano ya wenyeji. Akifungua, anaweza kurudishwa kwao. Kiapo ni wiki nne zijazo. Amekiota kiapo hiki miaka miwili.

"Sikuombi unitetee," Mme Makhopotso alisema. "Mimi nimejitetea tangu hujaota meno ya mbele. Lakini ndoto haisemwi na mtu wa pili. Nikiisema mimi inakuwa hadithi. Lazima itoke kinywani mwako."

Walipanda mlima. Walipofika pale Tlelima alipowasubiri, msichana alisema, nitasema. Tlelima alimtazama kama mtu aliyesomewa barua yake hadharani.

Siku ya pitso upepo ulikuwa umesimama. Watu walikaa chini kwa safu, blanketi zao zimewafunika magoti, kofia za nyasi upande wa wanaume, chifu Mamohau kwenye kiti chake karibu na bendera. Afisa wa bwawa alikuwa kijana mwenye sauti laini, na alimwita kila mlalamikaji mama au baba, na kila mmoja alimwambia kwamba ofisi inasikitika. Malalamiko kumi na tisa yalikwisha kabla ya jua kufika katikati. Shamba la mmoja lilipungukiwa mita chache. Mipichi ya mwingine ilikuwa michanga mno kulipiwa fidia. Kalamu ya afisa iliwapitia wote.

Mme Makhopotso aliitwa wa mwisho. Akasema, shahidi wangu ni huyu, akamwinua msichana kwa kiwiko. Minong'ono ikapita juu ya watu kama upepo wa kwenye nyasi. Huko nyuma mwalimu wa lugha alisimama, akatikisa kichwa kumkataza. Msichana alimwona, akageuza macho.

Aliisema ndoto. Alikosea maneno mawili na hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye sikio, bibi mmoja kwenye safu ya mbele alijifunika uso kwa blanketi.

Afisa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ofisi inaheshimu sana mila, ila ana swali dogo. "Dada, unaishi na mama huyu. Je, hakuwahi kukusimulia habari za mama yake kabla hujaota?"

Neno moja lingetosha. La. Mme Makhopotso alilisukuma kwa macho lifike kwenye mdomo wa msichana. Na wakati anasukuma, akakumbuka zile jioni. Wiki tano za kumenya maharage pamoja, yeye akisema, msichana akitabasamu bila kuelewa. Alimwambia yote, kwa sababu ilikuwa kama kuuambia ukuta, na kuna mambo ambayo mtu mzima akikaa nayo miaka mingi lazima ayaambie hata ukuta. Bwawa alimwambia. Zizi alimwambia. Je, sikio? Alipekua ndani ya kumbukumbu yake, yeye anayekumbuka tai za maafisa, na hakupata jibu.

"Sijui, Ntate," msichana alisema. "Mme anazungumza na mimi kila siku. Mwanzo sikuelewa kitu. Labda aliniambia, na maneno yalikaa ndani bila mimi kujua. Labda bibi alikuja mwenyewe. Nikisema najua, nitakuwa nasema uongo."

Kulikuwa na vicheko vichache, vya huruma. Afisa alitabasamu pia, akafunika kalamu. Mme Makhopotso alimchukia msichana wakati ule, hilo lisemwe wazi. Alimchukia kwa moyo wote. Mtu ametoka Kanada na ukweli wake msafi kama sahani, hajui huku sisi tumedanganywa kwa mihuri, na yeye ameshindwa kutudanganyia neno moja.

"Basi kama hakuna lingine," afisa alisema.

"Lipo."

Ntate Tlelima alikuwa amesimama. Amevua kofia.

"Mtoto wa watu amekataa kusema asilolijua," alisema. "Mimi nimenyamazia ninalolijua. Andika. Mimi ndiye niliyebeba kopo la rangi."

Watu waligeuka. Wazee walikuwa wanajua kwamba vijana kadhaa walifanya kazi na wapimaji. Nani alibeba nini, hakuna aliyekuwa amejisumbua kukumbuka. Tlelima alizungumza akitazama kofia yake. Alisema ilikuwa Ijumaa ya mwisho. Lori linapiga honi, watu wanataka kwenda kunywa. Rangi ilikuwa imeisha kwenye kopo, na kopo jingine lilikuwa kambini, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, na wa kutumwa ni yeye. Mpimaji mkuu akanyoosha kidole pale kando ya zizi, akamuuliza, hili ni nini?

"Nilisaidia kubeba mawe yale siku ya mazishi, nikiwa kijana. Nililijua kaburi kama ninavyojua mlango wangu. Nikamwambia, rundo la mawe. Yale maneno matatu kwenye faili lako si ya ofisi. Ni ya kwangu."

Farasi mmoja huko nyuma alijitikisa na tandiko lake likalia.

Afisa alianza kusema kwamba taarifa hiyo itapelekwa makao makuu, itachukua siku kadhaa. Chifu Mamohau, aliyekuwa kimya asubuhi nzima, alimwambia kwamba anayeyaona mawingu yale hawezi kutaja siku kadhaa. Akamwomba amwandikie mama huyu karatasi hapo hapo, juu ya goti lake, na kama hana goti atumie la chifu. Afisa aliandika.

Mme Makhopotso alipokea karatasi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Hakumtazama Tlelima. Alikuwa analiona paa la nyumba yake. Mafungu ya nyasi, moja baada ya jingine, miaka ishirini na miwili, kila fungu limefungwa vizuri na mtu aliyekuwa anajua.

Walishuka kesho yake alfajiri ilipokuwa imeshafunguka. Mwalimu wa lugha alikuja kwanza mlangoni na kuzungumza na msichana pembeni. Alikuwa ameandika barua kwa wakubwa, alisema, na kama ataapishwa au atapandishwa ndege, yeye hajui. Msichana alisema sawa. Kisha akaenda kuchukua gunia la kitani.

Tlelima alikuwa anawangoja njiani na sepetu begani. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Mlinzi alisoma karatasi, akaisoma tena kwa nyuma palipokuwa peupe, akafungua waya.

Ndani ya kijiji miguu yao haikutoa sauti. Vumbi laini la chini ya maji lilipanda hadi kwenye vifundo, likakaa hewani likiwafuata, na kuta zilipita pembeni yao polepole kama vitu vinavyoonekana usingizini, ambavyo mtu hajui kama yeye anavisogelea au vyenyewe vinapita. Magharibi anga lilikuwa la rangi ya chuma. Kulikuwa na harufu ya mvua iliyoshuka mahali pengine.

Mawe yalikuwa yamevikwa tope, kila moja. Mme Makhopotso alipiga magoti, akasema jina la mama yake na jina lake mwenyewe. Alikuwa amejiandalia maneno mengi. Hayakuja, naye hakuyatafuta.

Tlelima alishusha sepetu.

"Weka hiyo," alisema Mme Makhopotso. "Kwa mikono."

Mzee akapiga magoti upande wa kichwani. Aliondoa mawe moja moja, akayapanga, kisha akaanza kuchimba. Tope la juu lilikuwa gumu kama tofali. Msichana alisogea kutaka kumsaidia.

"Mwache, Selloane."

Msichana akasimama. Tlelima alichimba. Baada ya muda alifika kwenye udongo wenyewe, mwekundu, wenye unyevu, akajaza konzi mbili, akamnyanyulia Mme Makhopotso. Kucha mbili za mzee zilikuwa zinatoka damu.

"Bado," alisema Mme Makhopotso.

Akachimba tena. Akanyanyua tena.

"Bado."

Hakulia, na hakuomba apunguziwe. Tone la kwanza lilianguka kwenye vumbi, likaacha shimo dogo. La pili likamwangukia mzee mgongoni. Maji ya bwawa, yaliyokuwa yametulia kama kioo, yakaanza kuota vipele vya mvua huko mbali, na vipele vikawa vinakuja. Mme Makhopotso aliona kwamba angeweza kumwacha pale. Angeweza kukaa juu ya mawe akasema bado, bado, hadi maji yampande magotini, na Tlelima angeendelea kuchimba. Jambo hilo lilimpendeza. Alilishika moyoni kitambo, akalipima, zito na zuri.

Kisha akalitandaza gunia chini, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuchimba upande wake. Hakuwa amemsamehe. Udongo ulikuwa bado haujatosha, na mvua ilikuwa imeshafika kwenye mipichi.